Kichwa cha Habari Kilichomfukuza Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu anaondoka Jumamosi. Amesema hivyo huku anakunja mashuka, bila kuniangalia, kwa sauti ya mtu anayesema sukari imekwisha. Binti yake amejifungua mtoto wa kwanza, na bibi anatakiwa huko. Miezi mitatu. Nikampa hongera. Nikampa tena, maana ya kwanza ilitoka imekunjamana.

Nimepiga hesabu. Yeye, miezi mitatu. Mimi, daktari amekataa katakata kuhesabu kwa miezi. Amesema moyo wangu umenizidi umri, na mimi nina themanini na moja. Kwa hiyo akirudi atakuta kitanda kimetandikwa vizuri, na mimi simo.

Basi. Kuna jambo la kumwambia. Nimelibeba miaka arobaini. Lazima nilitue kabla ya Jumamosi saa nne asubuhi, basi linapoondoka.

Nimemwomba ateremshe sanduku la magazeti lililo juu ya kabati. Ameniuliza kama nimeamua kufa kwa vumbi badala ya moyo. Kisha akaliteremsha. Kwa mkono mmoja! Ana sabini na mbili.

Maelezo kwa mpwa wangu, huyo huyo aliyejifungua, ambaye ndiye atakayeisoma shajara hii nikishakwenda (mama yake hasomi vya watu). Mjomba wako hakuwa mwandishi wa habari, kama ulivyokuwa ukijisifu shuleni. Habari waliandika wengine. Mimi niliandika yale maneno makubwa ya juu, ambayo ndiyo pekee watu huyasoma. Miaka thelathini na moja. Gazeti moja, meza moja, kiti kimoja chenye mguu mfupi.

Vichwa vya ukurasa wa kwanza vilipangwa kwa mkono, kwa herufi kubwa za mbao, moja moja, ndani ya fremu ya chuma. Sanduku letu la herufi lilikuwa hoi. X tulikuwa nazo kumi na mbili, mpya kabisa, hazijawahi kuona wino. A zilikuwa tano. Tano! Kwa lugha yetu! Nyingine zilipasuka, nyingine zilipotea, moja ilizuia mlango wa choo. Tuliomba A kila mwaka. Mwaka mmoja wakatuletea Q.

Ndiyo kusema ukweli wowote wenye A zaidi ya tano haukuweza kutoka ukurasa wa kwanza.

Mfano huu hapa, wa juu kabisa sandukuni: DARAJA LAFUNGWA. A tano kamili. Hapakubaki hata moja ya kuandika KWA SAA MOJA. Lilifungwa saa moja tu, lipakwe rangi. Watu wakazunguka njia ya mlimani siku tatu. Nimekaa nikawaza. Katika msafara ule lazima kulikuwa na bwana harusi. Hakuna msafara usio na bwana harusi. Akachelewa. Bibi harusi akachoka kusimama, akaolewa na mpambe. Wakazaa. Na mmoja wa wajukuu wao ndiye huyu wa kona anayefungulia redio mpaka vikombe vyangu vinacheza. Nimejiletea mwenyewe.

Chini kabisa ya sanduku liko lile. FUNDI ATOROKA NA SARE. Sikulifungua. Nalijua. Fundi cherehani huyo alikuwa amemposa mdogo wangu. Duka lake lilikutwa limefungwa siku moja, na ndani kulikuwa na sare ishirini na nne za bendi ya zimamoto. Mwandishi wetu akaleta habari kwamba fundi anadaiwa kutoroka nazo. FUNDI ADAIWA KUTOROKA NA SARE. A sita. Nikatoa ADAIWA. Gazeti likatoka, fundi akatoweka mjini, posa ikaishia hapo. Mdogo wangu hajui mkono ulikuwa wa nani. Hunitengenezea uji kila asubuhi, na hajui.

Nitamweleza upungufu wa A. Ataelewa.

Ila nisianze na kubwa. Mpango: niungame kwanza vichwa vidogo kwa watu wengine, nipate mazoezi. Kesho ni siku ya kinyozi.


Jumanne, 4 Machi

Kinyozi amefika saa tatu na kiti chake cha kukunja. Nimechagua kumwungamia wakati wembe uko kooni, ili nami nionje hatari kidogo. Toba bila hatari haina ladha.

Gazeti nililomwonyesha: MWISHO WA DUNIA ALHAMISI. Ulikuwa mhadhara wa mwalimu mmoja wa jiografia, ukumbi wa maktaba, Alhamisi saa kumi. Ndivyo alivyouita mhadhara wake, mwenyewe, kwa hiari yake. Lakini neno MHADHARA lina A tatu peke yake. Nani angeweza?

Kabla hajaja nilikuwa nimewaza matokeo yote. Wangapi waliwaambia wakubwa wao wa kazi ukweli siku ya Jumatano, wakajikuta Ijumaa bado wapo na wakubwa bado wapo? Mwanamke fulani, bila shaka, alimsamehe mumewe, na asubuhi ya pili akakosa namna ya kuurudisha msamaha ule. Na kinyozi wangu, kijana wakati huo, mwenye duka jipya: nani ananyoa siku moja kabla ya kiama? Nilimwona kabisa, amekaa peke yake kati ya vioo vyake, anafuta kisichokuwa na vumbi.

Nikamwambia yote. Wembe ukasimama.

Akauliza kama ni mimi. Nikasema ni mimi. Akaniuliza tena, kweli mzee, ni wewe? Nikafumba macho.

Akacheka mpaka akaketi kwenye kiti ninachowekea dawa. Jumatano ile, amesema, foleni ilitoka mlangoni kwake ikafika duka la dawa. Kila mtu alitaka kuitwa akiwa nadhifu. Watu waliokuwa hawajanyoa tangu ujana wao walikuja na watoto wao. Alinyoa mpaka mkono ukafa ganzi, na kwa jina alilolipata siku hiyo amekula hadi leo. Mwalimu wa jiografia naye alikuta ukumbi umejaa mpaka madirishani, watu wanalia, akadhani wamelipenda somo.

Kisha akaniuliza kama siwezi kuandika kingine kama kile kabla sijafa. Biashara siku hizi imelala.

Sikufurahishwa. Mtu unaleta dhambi yako mkononi, unakuta mwenzako ameifanyia sherehe.


Jumatano, 5 Machi

Nesi wa kupima presha amefika. Mama mnene mwenye saa kifuani, hucheka kwa pua. Nimemtolea MAMBA NDANI YA TANGI.

Tangi lilikuwa lile kubwa la maji ya mji. Mamba alikuwa kenge, mdogo, na aliondoka mwenyewe. Hapa siwezi kusingizia herufi: KENGE NDANI YA TANGI ina A tatu tu. Zilibaki mbili, nikaona ni ubadhirifu.

Mlolongo niliouwaza tangu alfajiri: mji mzima hauogi wiki nzima. Mwenye kiwanda cha sabuni anafilisika. Mwanawe anaacha masomo ya udaktari, anakwenda kuuza viatu. Ndiyo maana leo mji hauna daktari bingwa wa moyo. Nilijiua mwenyewe, miaka thelathini iliyopita, kwa maneno manne.

Nesi ameniambia nisiongee wakati anapima. Alipomaliza akasema wiki ile anaikumbuka sana, alikuwa na miaka sita, ni wiki pekee ya utoto wake ambayo hakuna mtu aliyemsugua masikio. Akasema kama ningekuwa karibu wakati ule angenikumbatia. Mwenye kiwanda cha sabuni anamfahamu, ni jirani yao, yu mzima, ana ghorofa tatu.

Presha imepanda. Ameandika kwenye kadi yangu: mgonjwa asisome magazeti ya zamani.

Siku mbili, maungamo mawili, na hakuna aliyenilaumu hata kidogo. Nimeanza kuhisi naonewa.

Mdogo wangu ameanza kupanga begi. Nimehesabu nguo kutoka kitandani. Nyingi mno kwa miezi mitatu.


Alhamisi, 6 Machi

Nukta amekuja kumuaga mdogo wangu. Msiba juu ya msiba.

Nukta alikuwa msahihishaji wetu. Miaka yote alikaa chumba cha pili na kalamu nyekundu. Ni mtu anayesahihisha. Kwenye mazishi ya mhariri wetu alisahihisha tarehe kwenye msalaba kwa chaki. Ana sabini na tisa, anatembea bila fimbo, na hupitia hapa makusudi nione.

Nikafanya kosa la kumweleza mpango. Nilitaka tu ashangae ukubwa wa dhambi yangu. Akasikiliza, mikono juu ya magoti, kisha akasema kwa upole kwamba samahani sana, Mzee wa Vichwa, lakini dhambi hiyo si yako. Ni yake yeye.

Yake!

Anadai kichwa kile kilipita mezani kwake. Aliona ADAIWA haimo. Alikuwa na kalamu mkononi. Angeweza kukirudisha. Akakipitisha, kwa makusudi, kwa sababu ambayo amesema ni ya moyoni. Nikamwambia aitaje. Akautazama mlango wa jikoni, ambako mdogo wangu alikuwa anaosha vyombo na kuimba, masikio yake yakawa mekundu kama kalamu yake.

Nukta! Alimtaka mdogo wangu! Ndiyo maana alikuja kwetu kila Jumapili mwaka ule mzima. Mimi nilidhani anakuja kunitazama mimi.

Nimemwambia waziwazi kwamba aliyeandika ana dhambi kubwa kuliko aliyepitisha. Akasema mwandishi hukosea kwa kawaida yake, hakuna anayemshangaa. Anayeona kosa akalinyamazia ndiye mwenye kosa. Nikamwambia amekaa miaka arobaini bila dhambi yoyote ya maana, sasa anataka kunyang'anya ya mwenzake. Akasema hapunguzi kitu, tugawane. Nikasema haigawanyiki. Tumefikia mahali pabaya, wazee wawili, kila mmoja anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye mbaya zaidi.

Halafu akaniuliza swali lile. Kama A zilikuwa tatizo, kwa nini sikuandika FUNDI ADAIWA KUTOROKA? Akahesabu kwa vidole. A nne. Inakaa vizuri, na moja inabaki.

Nikamwambia bila sare nani angenunua gazeti. Akanitazama. Nikajifanya nimesinzia.

Sikusinzia. Nitaandika hapa, maana lazima iandikwe mahali fulani. Niliiona ile FUNDI ADAIWA KUTOROKA. Niliiona siku ileile, wino haujakauka. Nikaiacha. Sababu haikuwa mauzo wala sare. Kila jioni nilikuwa narudi nyumbani na kumtamkia mdogo wangu kichwa cha kesho, tukiwa mezani, kabla ya mtu yeyote mjini hajakiona. Akicheka, ni kizuri. Asipocheka, nakula kimya. Sikuoa, sikuona haja, nyumba ilikuwa na msomaji wake. Fundi alikuwa anamchukua msomaji wangu, kumpeleka kwenye nyumba yenye vyumba viwili na cherehani tatu. Ningemtamkia nani?

Nukta amesema atarudi tuungame pamoja. Nimemwambia Jumamosi saa nane mchana ndio wakati mzuri. Basi litakuwa limeondoka saa nne zilizopita. Ameandika kwenye daftari lake. Nimelala mchana vizuri sana.


Ijumaa, 7 Machi

Nukta amefika saa tatu asubuhi. Leo. Amevaa tai! Alikwenda stendi jana kuangalia ratiba ya mabasi, akakuta kosa katika maelezo yangu, akalisahihisha.

Mdogo wangu alikuwa mezani anachambua mchele kwenye ungo. Akauliza kumetokea nini mpaka Nukta amevaa tai, nani amekufa. Nikaona Nukta anavuta pumzi. Nikaanza mimi haraka. Naye akaanza. Tukaungama kwa pamoja, mmoja juu ya mwingine. Mimi nasema ni mimi niliyeandika, yeye anasema ni yeye aliyepitisha. Mimi A tano, yeye kalamu mkononi. Mimi nikakohoa, yeye akapata nafasi akatia "kwa sababu ya mapenzi," nikakatiza hapo kwa nguvu zote.

Alituacha tumalize. Alikuwa ameshika punje moja ya mchele muda wote.

Kisha akasema: "Nyie wazee mnanipotezea mchele."

Anajua. Amejua tangu mwanzo! Amesema nani mwingine mjini angeandika kichwa kama kile. Na hata hivyo nilimtamkia jioni iliyotangulia mezani, nilisahau? Nilisahau. Hakucheka, nikala kimya.

Na Nukta naye alimjua. Mwanamume anayekuja kila Jumapili kusahihisha kalenda ya ukutani, amesema, hawezi kuwa anafuata kalenda. Nukta akakaa chini bila kuambiwa.

Ndipo akatusimulia. Asubuhi gazeti lilipotoka alikimbilia dukani kwa fundi nalo mkononi. Akamkuta fundi yupo! Amekaa kwenye cherehani, mbele yake mfuko wa vifungo vya shaba. Jana yake alikuwa amefuata vifungo mji wa jirani, ndio maana duka lilikuwa limefungwa. Sare zote ishirini na nne zilikuwa rafuni. Mdogo wangu akamwonyesha gazeti ili wacheke wote. Fundi akasoma. Akasoma tena. Alikuwa mtu aliyeliamini gazeti kuliko macho yake. Akasimama, akamuuliza kwa sauti ya kunong'ona: nimetoroka? Akakusanya cherehani ndogo, mfuko wa vifungo, na kwa kuchanganyikiwa akabeba na sare zote, akatokea mlango wa nyuma.

Kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kweli! Kiliwahi tu kwa saa mbili. Nilitaka kumwambia Nukta aandike hilo mahali, lakini uso wa mdogo wangu haukuwa wa kuruhusu.

Sare alizirudisha wiki iliyofuata kwa gari la mizigo, zimepigwa pasi, vifungo vyote vipo. Bendi ya zimamoto kwa wiki hiyo ilipiga tarumbeta ikiwa na fulana. Naye fundi hakuharibikiwa hata kidogo. Mimi miaka yote nilimwona katika mawazo yangu ameketi kando ya barabara anashona viraka vya magunia. Kumbe alifungua duka kubwa zaidi huko alikokwenda, na gazeti langu akalitia kwenye fremu dukani, akiwaambia wateja kwamba yeye ni fundi wa ukurasa wa kwanza. Kila mtu ananufaika na maovu yangu isipokuwa mimi.

Nukta akauliza, kwa shida, alijuaje yote hayo. Mdogo wangu akasema fundi alimwandikia. Barua tatu. Alimwita amfuate, waoane huko huko. Naye alikubali. Alikata tiketi. Begi lilikuwa limefungwa, chini ya kitanda.

"Basi nawe kaka ukaugua kile kifua," akasema.

Miezi miwili, akasema. Kikohozi mchana kutwa, mgonjwa hajiwezi hata kushika kijiko. Angemwachaje? Alipopona kaka yake, fundi alikuwa amechoka kungoja, ameoa huko. Akaja kuolewa na karani wa posta, na karani, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu mwema, akampa binti. Hana kinyongo na mtu. Gazeti ni gazeti, amesema, angeweza kutukasirikia kwa hilo, na kweli alitukasirikia mwaka mzima bila sisi kugundua. Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Ugonjwa hauna wa kulaumiwa. Hilo ndilo limemfanya alale usingizi miaka yote.

Akarudi kwenye mchele wake.

Mpwa wangu, unayesoma hapa, kaa chini kama umesimama.

Sikuwa mgonjwa.

Niliiona tiketi. Ilikuwa chini ya kopo la majani ya chai, imekunjwa mara nne. Kesho yake kifua kikaanza. Kikohozi nilikifanyia mazoezi kazini, karibu na mtambo, kisisikike. Miezi miwili nililala kitandani mzima kama chuma, nalishwa uji kwa kijiko, namtamkia vichwa vya habari vya kubuni, naye anacheka kunipa moyo. Ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyoishi. Hiyo ndiyo dhambi yenyewe. Ile ya A tano niliipalilia miaka arobaini ili nisiitazame hii.

Nilifungua mdomo nimwambie. Pale pale. Nukta mwenyewe aliona, akainama mbele kusikiliza. Mdogo wangu akainua macho.

Nikaomba maji.


Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka saa kumi na moja nikiwa nimeamua. Nitamwambia kabla ya chai. Sitatumia mpango wowote. Sentensi moja: sikuwa mgonjwa.

Kabla ya chai alikuwa anaoga. Wakati wa chai alikuwa anaongea na binti yake kwa simu, na mtoto alikuwa analia upande wa pili, sauti ndogo kama bawaba. Mdogo wangu akaniwekea simu sikioni nimsikie mjukuu wetu. Nikamsikia. Ana mapafu mazuri.

Baada ya chai Nukta alifika, bila tai, kubeba begi. Amejitolea kuja kushinda nami kila siku mpaka mdogo wangu arudi. Atanipikia. Atanisomea. Atasahihisha dozi zangu.

Saa tatu na nusu. Begi mlangoni. Mdogo wangu amevaa viatu vya safari, amefunga kitambaa kipya kichwani. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Akaniuliza kama kuna kitu chochote nataka kumwambia kabla hajaondoka. Aliuliza taratibu sana. Alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Sentensi moja. Maneno mawili tu! Nimeishi kwa kufupisha, na hapa palikuwa pamekwisha kufupishwa.

Nikautazama mlango. Nikaliona begi. Nikakohoa.

Sikupanga. Naapa. Kilitoka chenyewe, lakini kilipotoka nikakifuatishia kingine, na cha tatu kilikuwa kizuri sana, cha chini, chenye mkwaruzo. Nikaweka mkono kifuani. Nukta akaruka kutafuta maji. Nikasema kwa sauti iliyokatika kwamba si kitu, aende tu, asichelewe basi, mtoto anamngoja.

Mdogo wangu hakusimama. Aliniangalia. Aliniangalia kama anavyoangalia mchele.

Akauliza ni upande gani unauma.

Nikamwonyesha. Kushoto.

Akasema: "Miaka ile ulikuwa wa kulia, kaka."

Nukta na kikombe chake wakasimama katikati ya chumba.

Halafu midomo ya mdogo wangu ikaanza kutetemeka, nikadhani analia, na kweli chozi moja lilikuwepo. Lakini alikuwa anacheka. Alicheka kama alivyokuwa akicheka mezani, kichwa nyuma, mkono juu ya kifua. Muda gani amejua? Sikuthubutu kuuliza. Jana, nilipoomba maji? Miaka arobaini? Aliposema ugonjwa hauna wa kulaumiwa alikuwa ananifungulia mlango, nami nikaomba maji!

Akanifunika shuka mpaka kidevuni. Akasema nipone upande wowote nitakaoupenda, atanikuta. Akasema nisithubutu kufa kabla hajarudi, maana safari hii atakasirika kweli na nitagundua. Akamwambia Nukta asinipe uji kwa kijiko, mikono ninayo. Akachukua begi lake mwenyewe, kwa mkono mmoja, akaenda.

Sasa ni saa sita mchana. Nukta yuko jikoni anapanga kabati langu kwa alfabeti. Nyumba imekaa vibaya. Nimelala hapa nikitafakari maisha yangu kwa unyofu kamili, kama inavyompasa mtu wa umri wangu, nami nimeona wazi nilipokosea.

Upande.

Kama ningeonyesha kulia, sasa hivi angekuwa anafungua begi. Kosa la kipumbavu, la mtu asiyetunza kumbukumbu. Ameahidi kupiga simu Jumatano jioni. Mpaka hapo kikohozi kitakuwa kimekomaa, nami nimeanza mazoezi polepole, nimefunga mlango, Nukta asije akakisahihisha. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye kadi ya nesi na kuiegemeza kwenye glasi ya dawa, niione kabla ya kupokea simu: MAUMIVU, UPANDE WA KULIA.